Tumeula ujana wake, tusimtupe uzeeni

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mada ya Ijumaa hii sikuitoa vitabuni. Nimeipata kwenye baraza ya msikiti, baada ya swala ya Alasiri, kutoka kwa mzee ambaye nimeswali naye kwa miaka mingi bila ya kumjua.

Jina lake sitalitaja, wala wilaya yake sitaitaja, kwa kuwa si hoja yangu kumtangaza mtu wala kuiaibisha ofisi. Yeye huswali safu ya mwisho, juu ya kiti, akiwa ameunyoosha mguu wa kushoto. Mimi ninayepanda mimbari kila Ijumaa na kuwahimiza watu wajuliane hali nilidhani ni maradhi ya viungo, yale yanayowapata wazee wetu wengi, na sikuwahi kumuuliza. Siku hiyo alinisubiri mlangoni akiwa na bahasha ya kaki mkononi, akasema, "Sheikh, nakuomba unisomee barua hii. Macho yangu hayaoni vizuri maandishi madogo."

Ilikuwa barua kutoka ofisi ya halmashauri. Ilimtaka awasilishe namba yake ya utumishi na hati ya kuthibitisha kujeruhiwa kwake vitani, ndipo maombi yake yaweze kushughulikiwa. Nikamuuliza, vita gani, mzee wangu? Akanijibu, "Vya Kagera."

Akanieleza kwamba mwishoni mwa mwaka 1978 alikuwa kijana wa miaka 22, mkulima, tayari ameshapita mafunzo ya mgambo kijijini kwao. Akaitwa, akaenda. Mwanzoni mwa mwaka 1979 vipande vya kombora vikamwingia pajani na gotini. Akatibiwa, na vita vilipokwisha akarudi kijijini kushika jembe lake. Alilima kwa mguu mmoja na nusu kwa zaidi ya miaka 30. Karatasi zake ziliharibika nyumba yake ilipoanguka katika mvua za masika. Sasa yuko katika mlango wa miaka 70, kidonda kimefumuka upya, na jembe hawezi tena. Ameomba msaada wa matibabu na chochote cha kumsaidia kula. Ametumwa kwa mtendaji wa kata, kutoka kwa mtendaji akapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, kutoka hapo kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, kisha akarudishwa masjala alikoanzia. Kila safari ni nauli ya kukopa.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Sheikh wangu, mtu hautangazi mguu wake msikitini. Na huko ofisini sikwenda kuomba sadaka. Nilikwenda kuuliza kama nimo katika daftari."

Neno hilo la daftari ndilo lililonikosesha usingizi, nalo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Deni lenyewe ni lipi?

Vijana wetu wengi wamezaliwa baada ya vita hivyo, basi ni wajibu tuwakumbushe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia mkoa wa Kagera, yakaikalia ardhi ya Tanzania ya kaskazini ya Mto Kagera, ipatayo kilomita za mraba 1,800, na Novemba 1 mwaka huo Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni yake. Watu waliuawa, wengine wakatekwa, mifugo ikaswagwa, nyumba zikaporwa na daraja la Kyaka likabomolewa. Mwalimu Julius Nyerere akatangaza kwamba taifa litapigana. Inakadiriwa kwamba katika majuma machache jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 liliongezeka likapita 150,000, na kati yao yapata 40,000 walikuwa mgambo, yaani wakulima, wavuvi na vibarua waliotolewa vijijini. Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka, na mapema mwezi wa Juni mwaka huo mapigano yakafika mwisho.

Wapo waliowahi kunong'ona kwamba Amin alikuwa Muislamu, hivyo Muislamu wa Tanzania hakuwa na haja ya kupigana naye. Hoja hiyo haina mashiko katika dini yetu. Katika Suratul-Hujuraat, aya ya 9, Mwenyezi Mungu ameamrisha kundi la waumini linalodhulumu lipigwe mpaka lirejee katika amri yake. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba namna ya kumsaidia ndugu yako aliye dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Vijana wa Kiislamu na wa Kikristo walitoka pamoja kwenda kuwarudisha wanyonge majumbani mwao, na baadhi yao wamelala pamoja katika makaburi ya mashujaa pale Kaboya, wilayani Muleba.

Waliolala Kaboya tunawakumbuka kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, na ni jambo jema. Askari aliyeajiriwa jeshini akatumikia hadi kustaafu ana utaratibu wake wa kiinua mgongo na pensheni. Lakini yupo huyu wa tatu, ambaye hakufa akawekewa shada la maua, wala hakubaki jeshini akastaafu. Alirudi kijijini na chuma mwilini, akanyamaza. Huyu ndiye anayezungushwa leo kwenye korido za ofisi.

Daftari la Sayyidna Umar

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya mfano. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), yapata mwaka wa 20 Hijria, ilianzishwa diwani. Na diwani maana yake ni hilo hilo daftari: orodha ya watu na haki zao katika mali ya umma. Waliopigana Badri waliandikiwa dirham 5,000 kwa mwaka, na wengine wakafuata kwa daraja zao, wakiwamo wanawake na watoto. Kila kikundi cha watu kilikuwa na msimamizi wake aliyeitwa arifu, aliyewajua watu wake kwa majina na kuwafikishia haki zao. Kwa lugha ya kwetu tungesema alikuwa mfano wa mjumbe wa nyumba kumi. Mpokeaji hakutakiwa azunguke kumtafuta mwenye daftari, kwani mwenye daftari ndiye aliyekuwa na kazi ya kumjua mpokeaji.

Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar alikuwa akipita baina ya watu wakila, akamwona mtu anakula kwa mkono wa kushoto. Akamwelekeza ale kwa mkono wa kulia. Mtu yule akajibu kwamba mkono huo una shughuli. Alipoulizwa tena ni shughuli gani, akasema ulipotea siku ya vita vya Muuta. Khalifa akaketi kando yake akalia, akaanza kumuuliza: ni nani anayekutawadhisha? Ni nani anayekuosha kichwa na kukufulia nguo? Kisha akaamuru apewe mtumishi wa kumhudumia, mnyama wa kupanda, na chakula cha kumtosha.

Tuyaangalie mafunzo ya kisa hiki, ndugu zangu. Kwanza, mtu yule hakuwa amekwenda kuomba. Pili, Umar alianza kwa kumsahihisha, kwa sababu alimwona kwa nje tu, kama mimi nilivyomwona mzee wangu juu ya kiti. Tatu, alipojua, hakumuuliza hati. Alimuuliza namna anavyoishi: anatawadha vipi, anafua vipi. Maswali hayo hujibiwa nyumbani kwa mtu, hayajibiwi kwa fomu.

Na haki hii si ya Muislamu peke yake. Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa, ameeleza katika Kitabul-Kharaj kwamba Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiombaomba. Akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza Baitul-Mali amwangalie huyo na wenzake, kwa kuwa aliona si uadilifu kuula ujana wa mtu kisha kumtelekeza anapozeeka. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mzee aliyelipa kodi, basi haki ya mzee aliyelipa damu ni kubwa zaidi.

Mlango wa mtawala

Amepokea Abu Dawud hadithi ambayo kila mwenye ofisi angepaswa kuijua. Abu Maryam Al-Azdi (R.A.) aliingia kwa Muawiya (R.A.), akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): kwamba mwenye kukabidhiwa jambo lolote la Waislamu, kisha akajizuia na haja na umaskini wao, Mwenyezi Mungu naye atajizuia na haja na umaskini wake. Muawiya aliposikia hayo hakuishia kusema "amin". Aliteua mtu maalumu wa kushughulikia haja za watu.

Hicho ndicho tunachowaomba viongozi wetu wa halmashauri, tena kwa heshima, kwa kuwa tunajua wengi wao ni watu wema wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Tunajua bajeti ni finyu. Tunajua pia kwamba wapo matapeli wanaojipa ushujaa wasiokuwa nao, na ofisa akilipa bila ya ushahidi ataulizwa na mkaguzi. Hoja hizo ni za kweli na hatuzibezi. Ila zina majibu.

Kuhusu ushahidi, Uislamu haukuifanya karatasi kuwa shahidi pekee. Katika Suratul-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya inayoamrisha kuandikiana, Mwenyezi Mungu ametaja pamoja na maandishi mashahidi wawili. Mzee huyu ana wenzake wawili waliokuwa naye, nao wangali hai. Ana kovu ambalo daktari yeyote anaweza kulipima akasema ni la chuma au si la chuma. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliidhinisha kuwalipa wazee wa Kiafrika waliopigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Husimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na vyeti. Mlipaji akampa kila mmoja fagio, akatoa amri za kwata kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Ikiwa mgeni aliyekuja kutoka mbali, baada ya zaidi ya miaka 40, alipata njia ya kumtambua askari asiye na cheti, itatushindaje sisi tunaoishi naye mtaa mmoja? Na wenzake wakishakufa, ushahidi huo utakufa pamoja nao. Kila mwaka unaopita bila ya kuwaandika ni sawa na kuchoma jalada.

Kuhusu fedha, ni kweli kwamba halmashauri zimewekewa sheria ya kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini hiyo ni mikopo. Mzee wa miaka 70 mwenye kidonda hawezi kuambiwa akope afungue mradi wa kuku, kisha arejeshe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imezungumzia matibabu bila ya malipo kwa wazee wasiojiweza, na wengi wamepewa vitambulisho. Kitambulisho hicho ni neema pale dawa inapokuwapo. Mzee akiambiwa aandikiwe dawa akanunue nje, kitambulisho hakimfungi kidonda. Na tusiseme haiwezekani kumpa mzee chochote mkononi. Wenzetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikia miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kumtaka athibitishe kwamba ni maskini, na baadaye kiwango kikapandishwa. Hakikuwa kiasi kikubwa, lakini mzee alijua kwamba yumo katika daftari.

Tunapendekeza basi mambo matatu mepesi. Kila mtendaji wa kijiji na wa mtaa aandike majina ya wazee waliopigana vita vya Kagera, walioajiriwa na wa mgambo, pamoja na mashahidi wao na hali zao, na orodha hiyo isomwe hadharani katika mkutano wa kijiji ili mwenye kudanganya aumbuliwe na wanaomjua. Halmashauri iteue mtu mmoja wa kupokea maombi yao na kuyafuatilia mpaka jeshini na wizarani, ili jalada ndilo litembee na mzee abaki nyumbani. Na majeruhi atibiwe kwanza, ushahidi ukamilishwe baadaye, kwani kidonda hakisubiri muhuri.

Na sisi je?

Ndugu Waislamu, tukiishia kuilaumu serikali tutakuwa tumesoma nusu ya darasa. Katika Suratul-Baqara, aya ya 273, Mwenyezi Mungu ametaja mafakiri waliozuiliwa katika njia yake, wasioweza kwenda huku na huko kutafuta riziki. Asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao kuomba, nao hutambulikana kwa alama zao. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi, nimeifundisha madrasa na nimeijadili chuo kikuu. Na mtu wa aya hiyo alikuwa safu ya mwisho nyuma yangu.

Msikitini petu katika miaka hiyo tumechangisha fedha za mazulia, za vipaza sauti na za mnara. Hatukukosea kuipamba nyumba ya Mwenyezi Mungu. Lakini Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Bukhari, ametufundisha kwamba hatupati nusura wala riziki ila kwa sababu ya wanyonge wetu. Msikiti wenye mnara mrefu na mnyonge asiyejulikana una upungufu katika msingi wake.

Kamati ya msikiti iwe na daftari lake la wazee na wagonjwa, na Imamu awe wa kwanza kulijua. Zaka ya mtaa ianzie mtaani, na mzee wa namna hii anaingia moja kwa moja miongoni mwa wanaostahiki waliotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, maana ni fakiri. Lakini tuwe waangalifu: zaka yetu isiwe kisingizio cha ofisi kufuta haki yake, na haki yake ofisini isiwe kisingizio chetu cha kukunja mikono. Hayo ni madeni mawili, na moja halilipi jingine. Tumpe kwa siri na kwa adabu, kwani katika Suratul-Baqara, aya ya 264, tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi.

Wasio na fedha wana cha kutoa pia. Kijana aliyesoma anaweza kumwandikia mzee barua, kumsindikiza ofisini, kukaa naye foleni na kumsemea kwa heshima. Karani hamzungushi kirahisi mzee aliyefuatana na vijana wawili wenye kalamu. Binti anayesomea uuguzi anaweza kupita jioni akamfunga kidonda. Na watoto wa wazee hawa wasisubiri serikali wala msikiti, kwani haki ya mzazi haina ofisi inayoibeba kwa niaba ya mtoto.

Kwenu nyinyi wazee wetu tuna neno moja. Kujizuia kwenu ni sifa njema, lakini kudai haki si kuomba. Tuambieni. Na wasimulieni wajukuu zenu mliyoyaona, bila ya kuongeza na bila ya kupunguza, maana mwongo mmoja anayejitia ushujaa anawafungia mlango wakweli kumi.

Tumefika wapi?

Kwa wanaotaka kujua, kamati yetu imemlipia mzee matibabu ya mwanzo, na vijana watatu wamemchukua kwa zamu kwenda kliniki. Wenzake wawili wametoa maelezo yao mbele ya mtendaji, yakaandikwa na kutiwa sahihi, na barua mpya imepelekwa halmashauri. Imegongwa muhuri wa kupokelewa. Hadi ninapoandika makala hii, jibu halijaja. Tutakwenda tena kuuliza, kwa adabu ile ile, na tutaendelea kwenda.

Lakini ofisi ikichelewa au ikiwahi, liko daftari jingine ambalo halipotei kwa mvua za masika. Suratul-Kahf, aya ya 49, inatueleza kwamba Siku hiyo litawekwa Kitabu ambacho hakiachi dogo wala kubwa ila kimelidhibiti. Humo yameandikwa maumivu ya mzee huyu tangu mwaka 1979. Humo imeandikwa kila safari aliyorudishwa. Na humo tumeandikwa sisi tuliokuwa tukimpita baada ya swala, tukamtolea salamu, tukaenda zetu.

Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, wastiri wazee wetu, warehemu waliotangulia. Wape viongozi wetu macho ya kumwona mnyonge na moyo wa kumfungulia mlango, nasi utujaalie tuwe wa kwanza kuyafanya tunayowaamrisha wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq.